Mimba za Mabinti wa Shule: Aibu ni ya Nani?



Kila mwalimu wa kijijini aijua siku ile ya kufungua shule baada ya likizo. Twaingia darasani, twafungua daftari la mahudhurio, twaanza kuita majina, na wanafunzi huitika mmoja mmoja. Kisha twafika kwenye jina moja, na hapana aitikaye. Twaliita tena. Wavulana huinamisha vichwa, wasichana hutazamana, na nyuma kabisa yuko mmoja anayeziba kinywa kwa mkono asicheke. Hapo tumekwisha kujua, wala hatuhitaji kuambiwa. Twatia alama katika daftari, twaendelea na jina lifuatalo.

Baadaye maneno huwa mengi. Kisimani, gengeni, hata nje ya kanisa baada ya ibada, watu huulizana: “Binti yule alikosa nini kwao? Na mama yake alikuwa wapi?” Maneno haya tumeyasikia mara nyingi, na sisi wenyewe tumeyasema. Lakini kadiri miaka ilivyopita tumeona ya kuwa swali hilo ni fupi mno. Ni swali la mtu atakaye kumaliza neno upesi ili aende zake nyumbani kula. Basi mwezi huu twapenda kuuliza swali refu kidogo, nalo ni hili: mtoto wa shule apatapo mimba, aibu ni ya nani?

Kwanza tuuone ukubwa wa jambo lenyewe, maana wapo wasemao ya kuwa walimu hupenda kuzidisha. Katika Tanzania Serikali hufanya uchunguzi mkubwa wa uzazi na afya kila baada ya miaka kadhaa. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hata 19, wasichana 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Mijini walikuwa 19, bali vijijini 32. Uchunguzi ulipofanywa tena mwaka 2022, hesabu ya nchi nzima ilikuwa imeshuka hata 22. Twamshukuru Mungu kwa kushuka huko. Walakini 22 katika 100 ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Jumapili ijayo litazame benchi wanapokaa wasichana wa kwaya, uwahesabu watano watano, utaelewa hesabu hii vizuri kuliko tunavyoweza kuieleza.

Uchunguzi ule wa kwanza ulionyesha neno lingine pia. Katika kila wasichana 100 wa umri huo ambao hawakusoma kabisa, 52 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Lakini katika wale waliofika sekondari walikuwa 10 tu. Twakiri ya kuwa hesabu hii yaweza kusomwa kwa njia mbili, maana kukosa shule humtia msichana katika hatari ya mimba, na mimba nayo humtoa msichana shuleni. Lakini njia zote mbili zafika mahali pamoja: shule na mimba ya utotoni ni kama maji na moto, kimoja kizidipo kingine hupungua.

Sasa wako wazee wa heshima watakaotujibu hivi: “Ninyi walimu mwatafuta sababu nyingi, na sababu ni moja tu. Ni dhambi. Watoto wa siku hizi hawana haya.” Hatuwadharau wazee hawa, wala hatusemi ya kuwa dhambi si dhambi. Amri ya Mungu haikufutwa. Lakini twauliza: mtu akianguka shimoni njiani, je, yatosha kusema kwamba hakutazama mbele? Tena kama kila mwaka watu huanguka katika shimo lile lile, na wote ni wa umri mmoja, na wengi wao ni maskini, je, mwenye busara hataenda kulitazama shimo, aone ni nani aliyelichimba na kwa nini halikufukiwa?

Basi twende tukalitazame. Tumfuate binti mmoja, si wa jina fulani, ila yule tumwonaye mwaka baada ya mwaka katika vijiji vyetu hivi vya kusini, nchi ya korosho na mihogo.

Binti huyu amefaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Nyumbani kumekuwa furaha kubwa. Zamani asingalipata nafasi, maana shule za sekondari zilikuwa chache mno; lakini katika miaka iliyofuata mwaka 2004 shule za kata zilijengwa kwa wingi, na tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hata cha nne iliondolewa. Haya ni mema makubwa. Lakini kata moja ina vijiji vingi, na shule ni moja. Kwa binti huyu njia ni mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Hutoka kabla jua halijachomoza, hupita katika mikorosho peke yake, hurudi jioni amechoka na njaa. Siku ya kwanza mwenye pikipiki ya kukodi, yaani bodaboda, humpita. Siku ya pili humpungia mkono. Siku ya tatu husimama na kusema, “Panda, mdogo wangu, mimi naelekea huko huko.” Ni nani kati yetu, akiwa na miaka 14 na miguu inamwuma, asingalipanda?

Baba yake akiona njia ni ndefu, humpangia chumba karibu na shule. Twajua vyumba hivi. Vijana huviita mageto. Ndani mna mkeka, sufuria, debe la unga na taa. Mlango una komeo la ndani lisiloweza kumzuia hata mbuzi. Baba amefanya hivi kwa mapenzi, naye hujisifu ya kuwa binti yake anasoma. Lakini tumwulize baba kwa upole: ng'ombe wako ungemfunga peke yake mwituni usiku, pasipo mchungaji, kisha asubuhi ukamlaumu kwa kuliwa na fisi?

Tena tutazame mahitaji yake. Mahitaji ya msichana wa shule ni madogo madogo, na kwa kuwa ni madogo hayaonekani. Ni sabuni, kalamu, mafuta ya kupaka, na pedi za siku zake za mwezi. Mama hana fedha, na baba haambiwi mambo ya hedhi kwa sababu ni haya. Basi mwezi kwa mwezi binti hukaa nyumbani siku tatu au nne, masomo yakampita. Inapofika Oktoba na korosho zikaanza kuuzwa, fedha huonekana kijijini. Baba hununua bati, au redio, au pikipiki, naye si mtu mbaya, hakuambiwa tu. Lakini yuko mwanamume mwingine ambaye pia ameuza korosho zake, naye macho yake ni makali kuliko ya baba. Yeye ameona ya kuwa sare imechakaa na viatu vimetoboka. Humletea binti sabuni pasipo kudai kitu. Humletea viatu pasipo kudai kitu. Kisha siku moja hudai.

Msichana hapo hakuuza utu wake kwa viatu, kama watu wanavyosema. Alifundishwa tangu utoto kwamba mtu akikupa kitu una deni kwake, na kwamba kumkatalia mkubwa ni utovu wa adabu. Mafundisho hayo mawili ni mema yote mawili, nasi tuliyafundisha sisi. Hatukumfundisha tu la tatu, kwamba liko deni lisilolipwa, na yuko mkubwa wa kukataliwa.

Hapa twafika kwenye shimo lenye kina zaidi, nalo ni ukimya wetu. Zamani wazee wetu hawakunyamaza. Huku kwetu msichana alipovunja ungo alitiwa unyago, akakabidhiwa somo, akafundishwa usafi, heshima, na mambo ya nyumba. Wamisionari walipofika, kama wale waliofika Masasi mwaka 1876, waliona katika mila hizo mambo yasiyopatana na Injili, na wengi wao wakayakataza yote. Mmoja aliona vingine. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, alifikiri ya kuwa mila isiondolewe ikaacha pengo, bali isafishwe, na jando likafanywa kwa sala na kwa ulinzi wa Kanisa. Kwa wavulana jambo hilo lilishika mizizi. Lakini unyago ulikuwa siri ya wanawake, na mapadre wanaume hawakuweza kuuingia. Basi mambo ya mabinti yakabaki nusu nusu: Kanisa halikuyashika, wala halikuyaacha.

Na leo tunavuna nusu hiyo. Unyago ungaliko katika vijiji vingi, lakini hufanywa kwa haraka wakati wa likizo, na pengine watoto wa miaka tisa au kumi huingizwa ili gharama ya ngoma iwe moja kwa dada na mdogo wake. Mtoto hutoka huko akiambiwa, “Sasa umekuwa mtu mzima,” hali bado anajifunza hesabu za kugawanya. Amefundishwa namna ya kumpendeza mume kabla hajafundishwa namna ya kujilinda na asiye mume. Akija kanisani, husikia neno moja tu, “Jihadharini na uasherati,” wala hapana amwelezaye uasherati huanzia wapi na kwa maneno gani. Akija shuleni, sisi walimu humchorea mbegu na ua la mharagwe, tukaharakisha kufunga kitabu. Mithali yasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Watu huitumia mithali hii kumpiga mama. Lakini huyu wetu hakufunzwa na mama, wala baba, wala mjomba, wala padre, wala mwalimu. Ulimwengu peke yake ndio uliojitolea.

Liko neno moja linalotuuma kulisema, lakini tusiposema tutakuwa wanafiki. Miongoni mwa wanaume wanaowaharibu watoto hawa wamo walimu. Wamo pia wajomba na mabinamu, na waimbaji wa kwaya, na watu waliotumwa na wazazi kuwalinda. Kikulacho ki nguoni mwako. Tulipokuwa tukisikia habari za mwenzetu tulisema, “Ni maneno ya watu tu,” na mwenzetu akahamishiwa shule nyingine, ambako kuna mabinti vile vile. Kunyamaza kwetu siku ile kuliitwa umoja wa walimu. Mbele ya Mungu kuna jina lingine.

Na mwisho, tuseme habari za tumaini. Msichana aaminiye kwamba akisoma atakuwa muuguzi, huyo ana kitu cha kulinda. Lakini yule anayekaa darasani mwaka wa tatu haelewi lugha anayofundishiwa, hana kitabu, na amewaona dada zake wawili wakimaliza kidato cha nne na kurudi kulima shamba lile lile, huyo tumempa nini cha kulinda? Mwanamume anapomwambia, “Nitakuoa, nitakujengea,” ahadi hiyo, ijapokuwa ni ya uongo, ni ahadi pekee aliyopata kupewa.

Basi, ndugu, hilo ndilo shimo. Sasa turudi kwenye swali letu.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 38, imo habari ambayo mara chache huhubiriwa. Tamari, mkwe wa Yuda, aliachwa mjane, akanyimwa haki yake. Akajifunika uso, Yuda akampita njiani, asimjue, akaingia kwake, akamwachia rehani muhuri wake na kamba yake na fimbo yake. Baada ya miezi mitatu Yuda akaletewa habari kwamba mkwewe ana mimba. Hakuuliza mimba ni ya nani. Aliamuru mara moja atolewe nje na kuchomwa moto. Ndipo Tamari alipotoa vile vitu vitatu, akamtaka avitambue. Yuda akavitambua, akakiri ya kuwa mwanamke yule ana haki kuliko yeye.

Hatusemi ya kuwa mabinti wetu ni kama Tamari. Tamari alikuwa mtu mzima, naye alijua alilokuwa akilifanya. Hawa wetu ni watoto. Tunachowaomba wasomaji wakitazame ni upesi wa Yuda. Mwenye mimba alitakiwa moto siku ile ile, bali mwenye fimbo alikuwa ameketi penye kiti cha hukumu. Je, mambo yetu si hivyo? Binti huonekana, kwa sababu tumbo halifichiki. Hutolewa katika kwaya, huzuiwa Meza ya Bwana, huketi benchi la nyuma mpaka atubu mbele ya watu wote. Jumapili hiyo hiyo mwanamume aliyempa mimba huimba besi, akapokea, akatoa sadaka. Nidhamu ya Kanisa ni kitu chema, lakini nidhamu imwonayo tu mwenye tumbo si nidhamu ya Mungu, maana Mungu huona pasipo tumbo.

Na mambo ya sheria ndivyo yalivyo kijijini. Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania yasema ya kuwa mwanamume amwingiliaye msichana asiye mkewe, mwenye umri chini ya miaka 18, amembaka, hata kama msichana alikubali. Na mwaka 2016 sheria ya elimu iliongezewa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mimba mwanafunzi. Sheria ni kali. Lakini usiku wazee wa pande mbili hukutana, maneno husemwa kwa sauti ya chini, mbuzi au fedha hupita kutoka mkono huu hata mkono ule, na asubuhi binti huambiwa, “Ukiulizwa, sema humjui.” Jambo hilo tunaliita kuelewana. Tutazame vizuri waliopatana ni nani na nani: mwanamume amepata uhuru wake, baba amepata fedha, kijiji kimepata amani. Binti amepata mtoto asiye na baba, na jina la mwongo.

Hapa mtu atasema: “Mkiwalaumu baba, na mama, na mwalimu, na Kanisa, na njia ndefu, basi hamkumwachia binti lawama yoyote. Lawama ikigawanywa kwa watu wote, haimkai mtu.” Neno hili ni zito, nasi tumelifikiri sana. Twaona kosa lake ni kudhani kwamba lawama ni kama mkate, kwamba mwenzako akipewa kipande, chako hupungua. Lakini lawama ni kama moto wa jikoni. Jirani huja na kijinga chake kupalia moto kwako, akaenda nao kwake, na moto wako haukupungua hata kidogo. Vivyo hivyo mwanamume akibeba lawama yake yote, lawama ya baba aliyeacha mlango wazi haipungui; na baba akibeba yake, ya mwalimu aliyenyamaza haipungui. Na binti naye, kwa kadiri ya umri wake na ya alichofundishwa, anayo yake mbele za Mungu. Lakini apimwe kwa kipimo cha mtoto, wala asibebeshwe mizigo ya wakubwa wote kwa kuwa yeye peke yake ndiye aonekanaye.

Na liko swali la pili, ambalo twajua linawasumbua wasomaji wengi. Je, yafaa binti aliyezaa arudi shuleni? Je, huruma haitafungua mlango wa dhambi, na wengine wakaona ya kuwa kuzaa si neno?

Jambo hili limejaribiwa kwa njia zote mbili. Kanuni za mwaka 2002 ziliwapa wakuu wa shule nafasi ya kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili, na kwa kanuni hizo mabinti wengi walifukuzwa. Mwezi wa Juni mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani ya kuwa aliyezaa asirudi katika shule za Serikali. Mwezi wa Novemba mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Serikali ilitangaza ya kuwa waweza kurudi baada ya kujifungua. Zanzibar walikuwa wameruhusu tangu mwaka 2010, na jirani zetu wa Kenya tangu mwaka 1994.

Sasa tuulize kwa haki: katika miaka ile yote ya kufukuza, je, mimba ziliisha? Sisi tuliokuwa madarasani twajua hazikuisha. Mabinti hawakujifunza usafi wa moyo kwa kumwona mwenzao akifukuzwa. Walijifunza kuficha. Wengine walijifunga matumbo kwa kanga chini ya sare mpaka wakazimia uwanjani. Wengine waliwaendea watu wa kutoa mimba kwa siri, na si wote waliorudi. Wengine, ambao nyonga zao zilikuwa hazijakomaa, walijifungulia nyumbani kwa kuogopa macho ya watu, wakapata kifafa cha mimba au fistula, ugonjwa wa kutokwa na mkojo pasipo kujizuia, ambao humfanya mtu akimbiwe hata na ndugu zake. Woga uliwafundisha hayo.

Tena tufikiri ni nani hasa aliyeadhibiwa. Binti aliyefukuzwa hupata mtoto, na mtoto huyo hukua kwa mama asiye na elimu wala kazi, na akiwa binti, akifika miaka 14, hukutana na njia ile ile ndefu na mtu yule yule mwenye viatu mkononi. Mchuma janga hula na wa kwao. Mlango tunaoufunga kwa mama tumeufunga kwa mjukuu.

Huruma si idhini. Tabibu amfungaye kidonda mtu aliyejikata kwa panga hamwambii mtu huyo ya kuwa kujikata ni kwema. Twaweza kumrudisha binti darasani, tukampa nafasi ya kumnyonyesha mtoto wake, na siku hiyo hiyo tukawafundisha mabinti wote na wavulana wote kungoja. Hayo mawili hayagombani. Tena wenzake wakiona jinsi anavyosoma usiku huku mtoto analia mgongoni, watajifunza ugumu wa jambo hilo vizuri kuliko kwa hotuba zetu zote.

Basi tufanye nini? Hatutaji mambo makubwa yanayohitaji fedha za Serikali, ijapokuwa bweni karibu na kila sekondari ya kata lingeokoa wengi, na wazazi wangeweza kufyatua matofali yake wenyewe kabla ya kungoja msaada. Twataja madogo yaliyo mikononi mwetu.

Ninyi akina baba, korosho zikiuzwa, toeni fungu la binti kwanza, kabla ya bati. Mwulizeni anahitaji nini, na akiona haya, mwambieni mama amwulize. Baba anayejua bei ya pedi hakuvunjiwa heshima, amemlinda mtoto wake.

Ninyi akina mama na masomo, msimwache mtoto wa miaka tisa aitwe mtu mzima. Ngojeni. Na siku ya kumfundisha, mfundisheni neno “Sitaki”, na kwamba neno hilo kwa mwanamume asiye na haki juu yake si utovu wa adabu.

Ninyi wazee wa Kanisa, kila usharika una wajane waaminifu wenye nyumba karibu na shule. Mabinti watatu wakikaa kwa mama mmoja kama hao, na wazazi wakaleta unga na kuni, hapana haja ya chumba chenye komeo la mbuzi. Na binti akiletwa mbele yenu kwa nidhamu, swali la kwanza liwe lile ambalo Yuda hakuuliza. Mwenye fimbo aitwe naye.

Nanyi vijana wa kiume, ambao hamtajwi kamwe katika mahubiri haya, neno ni lenu pia. Kuwa mwanamume si kumshinda mtoto.

Na sisi walimu, tusinyamaze. Akiharibu mwenzetu, tuseme, na tuseme kwa polisi wala si kwa minong'ono. Dawati la jinsia na watoto liko katika vituo vya polisi, na simu ya namba 116 hupokea habari za mtoto anayedhulumiwa. Na jina lile lisipoitikiwa darasani, tusiendelee tu na jina lifuatalo. Tufunge daftari jioni, twende kwao kwa miguu, tubishe hodi, tumwambie baba na mama ya kuwa nafasi yake ipo bado, na ya kuwa tutamngoja.

Njia ya kwenda kwao ni ndefu. Tukiipita mara moja, tutajua yeye aliipita mara ngapi peke yake.

Mungu atujalie macho ya kuona na vinywa visivyoogopa.